Nilivyoikatia Springi Datsun

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mpwa wangu Hajira anaolewa Jumamosi. Anatoka hapa Nachingwea kwenda kwa mumewe Ruangwa, na gari la kumpeleka ni langu. Datsun ya michezo ya mwaka 1973. Nyekundu, milango miwili, pua ndefu. Mjomba ni mimi, nani mwingine?
Yupo. Rashidy, baba mdogo wa bwana harusi, ana Datsun kama yangu, ya bluu. Kampigia simu dada yangu Mwanaima, mama wa Hajira, kumwambia kuwa yake haimchoshi abiria. Uchokozi!

Jumanne, 8 Julai
Nimepata wazo. Magari ya mashindano hukaa chini kabisa. Ukishusha gari, usukani unatii kabla hujafikiri. Nikamwagiza fundi Edina akate mizunguko miwili kwenye springi za mbele. Kakataa. Eti shokapu hazitapata nafasi ya kucheza, na barabara zetu tunazijua. Nikamjibu kwamba nilianza kuendesha yeye hajazaliwa.
Nimezifungua na kuzikata mwenyewe. Kiganja kimevimba.

Jumatano, 9 Julai
Majaribio, njia ya Nambambo. Gari limekunja kona bila kulala upande hata kidogo. Raha tupu! Kila kokoto nalisikia mpaka kwenye meno.
Kurudi, tuta la kwanza tu, tumbo likakaa juu yake. Akina mama wanne waliotoka sokoni wakanisukuma. Mmoja akauliza kama gari linaumwa.

Ijumaa, 11 Julai
Nimejaza matairi upepo mpaka basi, gari linyanyuke. Limenyanyuka kidole kimoja.
Mwanaima akataka kuonja kiti. Tumezunguka soko mara moja. Akashuka kashika kiuno, akaniuliza taratibu kama namba ya Rashidy ninayo. Nikamwambia imefutika.

Jumamosi, 12 Julai
Tumeondoka saa nane mchana. Hajira mbele kapakata shela, Rashidy nyuma yetu na gari tupu. Kwenye kipande cha vumbi, chuma kikaanza kugonga chuma. Usukani ukaniruka mikononi kama kambale. Taji la Hajira likagonga paa mara tatu. Mara ya nne likavunjika. Nikapunguza mwendo, baiskeli ikatupita.
Hajira akanishika bega.
"Mjomba, nakupenda. Simamisha gari."
Akahamia kwa Rashidy. Nikajaribu kuwafuata, shokapu ya kulia ikachomoza kwenye boneti. Rashidy akarudi kunichukua, akanifungulia mlango kwa heshima. Hilo ndilo liliniuma.
Nikajikunja nyuma ya viti. Datsun ile ilikuwa inashuka na kupanda mashimo kama inapumua. Nilitaka kuichukia. Nikasinzia. Nimezinduliwa na vigelegele vya Ruangwa, na Hajira akanikumbatia mbele ya ukoo mzima, akicheka mpaka machozi.

Jumapili, 13 Julai
Edina kalivuta gari mpaka gereji. Anataka springi nzima, na nimsikilize. Nimeitikia kwa kichwa.
Nimetafakari sana. Kosa ni la barabara.
Jioni kaja mtu kutoka Matambarale. Jana alipita akaliona gari langu pale kando ya njia, limelala chini kabisa, likamvutia. Anataka pikapu yake ishushwe vivyo hivyo. Nimemweleza kuwa kazi hii inataka mtaalamu, na kwa bahati nzuri amempata. Kesho asubuhi naanza kukata.
Nikamuuliza pikapu hubeba nini. Mayai.