Hotuba ya Kuzindua Soko la Asali Mtandaoni, Itetemia

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa mlioketi mbele na waheshimiwa watarajiwa mlioketi nyuma, mashehe wetu, mapadri na wachungaji wetu, kamati ya chakula ambayo haijawahi kutuangusha, wafugaji nyuki wa Usoke, na ninyi watani zangu Wanyamwezi mlioiacha mizinga kuja kunisikiliza mimi, Mzaramo Abbasi, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Soko la Asali Mtandaoni: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, mradi huu wa kimkakati, jumuishi na endelevu, ambao mimi mwenyewe niliubuni, nikauratibu na hatimaye nikaupongeza, umefikia asilimia tisini na saba ya utekelezaji, na hizo tatu zilizobaki ni za kiufundi, hazinihusu. (Makofi ya wajumbe wa mbele.)

Sasa niwaelimishe. Kurasa za soko letu zinaandikwa kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, tena ile ya kisasa. Simu mpya kama hii yangu inaielewa. Hizo zenu mlizozifunga kwa raba hazielewi, zinaonyesha weupe tu. Ndipo utaalamu unapoingia: programu inaichukua JavaScript ya kisasa, inaigeuza iwe ya kizamani ambayo hata kivinjari kizee kinaisoma, na papo hapo inakusanya faili zote zilizotawanyika, inatupa zisizotumika, inafunga furushi moja jepesi la kusafiri hadi simuni kwako. Geni ni lipi hapo? Babu zenu wapagazi waliopita njia hii kwenda pwani, nani kati yao alijitwika mzigo kabla haujafungwa? (Vigelegele.) Na katika msafara huu wa kidijitali mimi ndiye kirangozi, natangulia mbele na ngoma!

(Sauti ya Bi Josepha, mfugaji nyuki wa Usoke: "Mheshimiwa, nimemkatalia mwenye lori anayenunua asali yetu, kwa maneno yako! Ndoo zangu za asali zile pale mlangoni, pesa za bati za nyumba yangu zimo humo. Tangu asubuhi nafungua hilo soko, naona weupe tu!")

Mama Josepha, weupe huo ni dalili njema, unaonyesha kwamba mtandao wetu hauna uchafu. (Kicheko.) Nami kwa kuwa ni mtani wako, nimekusamehe kunikatiza. ("Sitanii, baba!") Ifikapo robo ya nne ya mwaka wa fedha, furushi letu litafunguka Usoke, litafunguka Ulaya, na asali itauzwa mara mbili ya bei ya lori, kabla nyuki hajaamka. Asali! (Kidijitali!) Furushi! (Jepesi!) Kivinjari kizee! (Kinasoma!)

Mwisho kabisa, nawashukuru kwa imani yenu. Maana siku ile msibani Kitete, niliporuka ndani ya kaburi nikasema sitoki humu mpaka Wanyamwezi waniuzie asali kwa simu, maana soko nimeshawajengea, nilikuwa nafanya utani, kama desturi yetu ya watani misibani inavyoniruhusu. Ninyi mkaamini. Bosi wangu naye alikuja kuzika, akaamini, kesho yake akaniteua Mratibu, na mimi ni nani nimkatalie mkubwa? Mfumo haupo, haujawahi kuwepo, lakini mmeupokea vizuri sana. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Bi Josepha anapanda jukwaani, anamvua Mratibu koti, anamvua viatu, anachomoa na ufunguo wa gari mfukoni. Mtani akichukua kitu, mwenyewe hukikomboa.)

Mama Josepha, huo ufunguo ni wa gari la ofisi! Niukomboe kwa kitu gani? Kwa asali? Ndoo zote zile? Haya, haya, nanunua, kwa bei ya lori...

(Ukumbi mzima: "Bei ya mtandaoni!")

Haya jamani, ya mtandaoni. Lakini viatu nipeni kwanza, sakafu ya moto. (Vigelegele. Ndoo zinaanza kupakiwa kwenye gari la ofisi.)