Safari ya Kuzifuata Ndevu za Mpiga Mbiu wa Thornby

Enyi mlioketi na enyi mliosimama, enyi mliokuja kwa ajili ya habari na nyinyi mliokuja kwa ajili ya biskuti, sogezeni viti, shindikeni mlango upepo usituingilie, mtege masikio. Nakuja kuwasimulia vita visivyomwaga tone la damu, siku ambayo uchochoro mzima wa London ulitekwa na mtu mmoja aliyeshika kipande cha mkate. Na kabla hamjaanza kunong'onezana mpumbavu wa siku ile alikuwa nani, nawapunguzia kazi: nilikuwa mimi, Wilfred Ackroyd, mwezekaji mapaa mstaafu wa Thornby, niliyewahi kuangushwa na paa la shule na paa la kanisa, na bado natembea wima, isipokuwa siku za baridi.

Jueni kwamba katika bonde letu la Yorkshire, mvua inapoanza kunyesha na kusahau kuacha, watu wazima wenye akili zao huingia ukumbi wa kanisa la Wamethodisti, huvaa mataji ya karatasi, nao huimba. Hilo ndilo jeshi liitwalo Chama cha Waimbaji wa Thornby. Niliingizwa humo na mke wangu Doreen, Doreen Mlinzi wa Birika Kuu, anayewamiminia chai wapiganaji wakati wa mapumziko, ambaye alichoka kunikuta nimesimama jikoni kila alipogeuka. Mchezo wa mwaka ule ulikuwa wa mfalme aliyefika bila taarifa kwenye nyumba ya wageni siku ya kufua mashuka.

Amiri wetu alikuwa Glenys Sugden, mwalimu wa zamani, Glenys wa Unyusi Ulioinuliwa, ambaye mbele yake wanaume wenye mvi huficha peremende mdomoni. Yeye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alinipa sehemu ya mpiga mbiu. Mpiga mbiu ana mstari mmoja tu, auimbe peke yake, uso ukielekea ukumbini: "Mfalme amefika, na supu haijaiva." Ni mstari mmoja, lakini mchezo mzima umening'inia juu yake, maana mpaka uimbwe na kusikika mfalme hawezi kuingia, wala mpishi hawezi kuzimia.

Tatizo lilikuwa hili. Mimi umri wangu wote wa kazi niliwapa watu mgongo, nikazungumza na vigae, na vigae havijibu. Niliposimama kuwatazama wenzangu, sauti yangu, badala ya kutoka, ilishuka ikajificha ndani ya shati. Ndipo Doreen, kule nyuma kwenye birika, vikombe mkononi, alipouimba mstari wangu kwa niaba yangu, na mfalme akaingia. Alifanya hivyo mazoezi baada ya mazoezi, wala hakuwa na nia mbaya. Hata kwa daktari ni yeye anayeeleza wapi pananiuma.

Jioni moja Glenys alishusha fimbo yake ya kuongozea, akanitazama kama anayesahihisha daftari. "Wilfred, mpenzi," alisema, "mpiga mbiu ni wewe au ni mkeo? Maana kama ni mkeo, nimpime kanzu."

Kisha akatoa hukumu. Ndevu za mpiga mbiu zilikuwa London, kwa fundi wa nywele bandia. Basi niende nikazichukue mimi, peke yangu, bila Doreen, na njia niiulize kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikirudi, niuimbe mstari usikike mpaka viti vya mwisho. Nisiposikika, mstari utarudi kwa Bernard Holroyd. Huyu Bernard, Bernard wa Koo la Shaba, ndiye aliyekuwa akiimba kila mstari wa peke yake tangu enzi ambazo hata pazia halikumbuki, na usiku ule ule alionekana kwenye maegesho ya magari akiimba habari za supu kwa sauti ya chini.

Siku ya kuondoka Doreen alinifungia mkate wa jibini na achari, akanifunga na skafu, akaniambia nikipotea niulize, nisizunguke kama paka aliyefungiwa nje. Nikaapa. Joka la chuma likanimeza Leeds, likanitapika London, na kiapo changu hakikuvuka geti la stesheni.

Sikuuliza. Nilizunguka kama paka aliyefungiwa nje. Nilipita mbele ya sanamu ya jenerali aliyepanda farasi, nikapita tena, nikapita mpaka farasi akaanza kunizoea. Kila nilipomwona mtu mwenye uso wa huruma na kukaribia kumsemesha, sauti ilikimbilia shatini, nami nikajifanya natazama saa. Mwishowe njaa, adui asiye na bendera, akanizingira. Nikaingia uchochoro mmoja, nikajibanza kwenye mlango wa kijani uliofungwa ili upepo usinipokonye mkate, nikaanza kula.

Nilikuwa sijafika kwenye achari nilipohisi pumzi nyuma yangu. Nikageuza jicho kidogo: mwanamke mwenye koti la mvua la njano alikuwa amesimama, ametulia, akiniachia nafasi ya heshima. Nyuma yake wakaja vijana wawili, kisha bwana mwenye mwavuli, kisha familia nzima. Hapo, wasikilizaji, ndipo upumbavu wangu ulipochanua. Nikajiambia, Wilfred, umefika. Hili bila shaka ndilo duka la ndevu, na wewe ndiye wa kwanza. Nikamaliza mkate, nikafuta makombo kifuani, nikasimama kama mlinzi wa ikulu.

Maana kwetu foleni haiulizwi. Mtu akiiona hujiunga, na kuuliza ni ya nini ni sawa na kukiri kwamba hukustahili kuwemo. Mvua ikaanza, miavuli ikafunguka kama ngao, na jeshi langu likaendelea kukua mpaka likakunja kona na kupotea machoni.

Kule mkiani, nisikokuona, akatokea mtu mmoja akathubutu kuuliza tunangoja nini. Alikuwa mgeni, lazima, mwenyeji asingediriki. Aliyekuwa mbele yake, kwa aibu ya kutojua, akamuuliza wa mbele yake, naye wa mbele yake, na swali likaja likipanda foleni kama moto kwenye nyasi kavu, likakunja kona, likapita familia, likapita mwavuli, likapita vijana, mpaka mwanamke wa koti la njano akanigusa bega.

"Samahani, babu," alisema. "Wanauliza huko nyuma, hii foleni ni ya nini?"

Nami, kwa desturi njema ya foleni, nikageuka kumuuliza aliye mbele yangu. Mbele yangu palikuwa na mlango. Kwenye mlango palikuwa na kibao kidogo ambacho tangu nifike nilikuwa nimekiegemea: chumba cha mapipa ya taka.

Ewe pumzi uliyekaa miaka mingi katika kifua cha mwezekaji, ulikuwa wapi saa ile? Nilitazama kulia, nikimtafuta Doreen. Doreen alikuwa Thornby. Nilifikiria kukimbia, lakini magoti yangu yalishastaafu. Nilifikiria kukaa kimya mpaka jioni, mpaka mji ulale, mpaka mmoja wetu afe. Lakini watoto wa ile familia walikuwa wamelowa mpaka soksi, na waliolowa walikuwa wamelowa kwa ajili yangu. Basi nikafanya ambalo sikuwahi kulifanya tangu nizaliwe: nikageuka, nikawapa watu wote uso, nikafungua mdomo.

"Mabibi na mabwana, hii si foleni. Nilisimama hapa kula mkate wangu. Nisameheni."

Sauti ile sikuijua. Ilitoka mahali fulani chini ya mkanda, ikagonga ukuta wa pili, njiwa wakaruka kutoka dirishani, ikakunja kona yenyewe bila kusaidiwa. Najua ilifika, kwa sababu kutoka ng'ambo ya kona mtu fulani aliuliza ulikuwa mkate wa nini, nami nikamjibu kwa sauti ile ile kwamba ulikuwa wa jibini na achari, na tukasikia mnong'ono wa kuridhika.

Kisha hakuondoka hata mmoja. Nani angependa kuwa wa kwanza kuipoteza nafasi yake? Yule mwanamke wa koti la njano aliniuliza, kwa upole sana, kama mimi mwenyewe ninaondoka. Nikasema ndiyo. Akasogea hatua moja, akasimama mlangoni, na uso wake ukawa wa mtu ambaye mambo yameanza kumnyookea.

Baada ya hapo nilimuuliza njia kila kiumbe. Nilimuuliza muuza maua, nikamuuliza dereva wa basi, nikamuuliza polisi hata baada ya kufika. Ndevu nilizipata: nyekundu kama mbweha, zenye kulabu za masikioni. Mfuko wake ulikuwa wa karatasi na mvua haikuwa na huruma, kwa hiyo nilirudi nimezivaa, na ndani ya treni nikaachiwa viti vyote vya upande wangu.

Jumatatu tukakusanyika. Niliwasimulia yote, kisha nikapanda jukwaani nimevaa ndevu, nikawapa uso. Andikeni, enyi mnaoandika mambo makuu ya dunia: katika Thornby, ndani ya ukumbi wa Wamethodisti, mfalme alifika, na ikasikika kwamba amefika, ilisikika mpaka kwenye viti vya mwisho, mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa, mpaka nje, ambako mbwa wa mchungaji alijibu. Kule kwenye birika Doreen alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea. Akakuta kazi imefanywa, akaufunga taratibu, akaendelea kumimina chai juu ya kikombe kilichojaa, huku akinitazama.

Ndipo Bernard aliponyanyuka. Alihutubia kwa marefu na mapana. Alitukumbusha miaka yake ya utumishi, na koo lake, na ile homa aliyoimba nayo. Akasema ukelele mmoja uchochoroni haumfanyi mtu kuwa mwimbaji. Akasema mstari wa peke yake ni amana, haukabidhiwi kwa sababu ya habari za mkate. Nami nikaanza kuhisi sauti ikitafuta njia ya kurudi shatini. Mwisho akamgeukia Glenys, ambaye muda wote huo alikuwa akichovya biskuti kwenye chai.

"Watu wamesimama kwenye mvua," alisema, "hawajui wanangoja nini, na wanaona aibu kuondoka. Glenys, kweli hiyo ndiyo utaiita hadhira?"

Glenys aliila ile biskuti kwanza, akaimaliza.

"Bernard, mpenzi," alisema, "hiyo ndiyo hadhira iliyokusikiliza wewe miaka yote hii."