Ombi la Kuwaepusha Majeruhi wa Kiwanda na Macho ya Daktari

Naples, Machi 1917

Mheshimiwa Kapteni Ardizzone,
Msimamizi wa Jeshi katika Viwanda vya Makombora,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii asiione mkeo, wala tarishi wako, wala kasisi. Hasa kasisi, maana ni binamu wa muuza tumbaku wa mtaani kwetu. Ukimaliza, ichome. Kwa usalama wangu sitaji jina. Nasema tu kwamba mimi ni karani wa zahanati ya kiwanda, na zahanati ina karani mmoja.

Mimi nimesoma, siamini mambo ya jicho baya. Nalalamika kwa niaba ya wanaoamini, yaani kiwanda kizima pamoja na meneja.

Shida ni Kanuni ya Nne, isemayo kwamba mfanyakazi aliyeumia hatarudi kazini mpaka daktari amtazame kwa macho yake mwenyewe, mahali pake pa kazi, kisha ampe cheti. Na kanuni sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na macho. Daktari wetu, Dakta Capobianco, ni mpole na hana makuu. Lakini ni mrefu, mwembamba, huvaa nyeusi, nyusi zake zimekutana, na miwani yake ni ya rangi ya moshi; kwa watu wa hapa hizo ndizo dalili za mwenye jicho baya. Mimi na yeye tulianza kazi siku moja. Siku hiyo alitazama dari la karakana akasema ni imara, nami nikaliandika neno lake. Jioni dari likaanguka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila mtu hapa anajua kwamba mwenye kisirani akipita, kinga ni kugusa chuma. (Wengine hugusa mahali pengine, ambapo barua ya serikali haiwezi kupataja.) Mtaani jambo hili halina madhara: kuna funguo, kuna komeo. Ila kwenye kiwanda cha makombora, chuma kilicho karibu ama kinazunguka ama ni chekundu. Daktari akiingia kumtazama majeruhi, nami nyuma yake na kikapu cha vyeti, watu wote hushika chuma kwa pamoja, kisha hupiga yowe kwa pamoja.

2. Majeruhi wapya nao wanapaswa kutazamwa, na ili watazamwe lazima tupite tena. Juzi tuliingia kumruhusu mmoja, tukatoka na watatu. Tulipowarudia hao watatu, sitaki hata kusema. Kwa mwendo huu, ikifika Pasaka wote watakuwa wamelala kitandani, na makombora ya Italia yatatengenezwa na Daktari peke yake, mimi nikimshikia kikapu.

3. Nimejaribu kusaidia. Nilitundika pazia lenye tundu, majeruhi apitishe kiungo kilichoumia na Daktari asimwone zaidi ya hapo. Kazi ilikwenda vizuri mno. Daktari alistaajabu jinsi watu wanavyopona. Adhuhuri nikagundua kwamba mkono uliokuwa ukipita asubuhi nzima ni mmoja, wa Aniello kinyozi, ambaye hajawahi kuajiriwa hapa. Niliutambua kwa harufu ya sabuni. Kwa mkono huo amerudishwa kazini hata mtu aliyevunjika mguu.

4. Nilijaribu pia kumwomba Daktari afumbe macho. Akanijibu kwa upole kwamba Kanuni inataka yafumbuliwe.

5. Sasa nafika kwenye jambo linaloninyima usingizi. Sabatino, fundi wa tanuri, ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Nunziata. Tulipopita yeye alishika mlango wa tanuri. Kiganja kimeshapona, lakini asipopata cheti kabla ya Jumamosi atavuliwa ule utepe wa mkononi unaomkinga na jeshi, na Jumatatu atakuwa kwenye treni ya kwenda mahandakini. Nilimwendea nyumbani. Hakufungua. Alisema nami kupitia tundu la ufunguo:

"Shemeji, niache niende zangu vitani. Mwaustria akilenga, anaweza kukosa. Nyie hamkosi."

Dada yangu, mwenye mimba ya miezi saba, alifungua kidogo nilipogeuka, akanisindikiza kwa maneno, mkono ukiwa kwenye komeo. Aliniambia, "Baba aliuza nyumbu ili wewe usome. Kama elimu yako imeshindwa na jicho, turudishie nyumbu wetu."

6. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Daktari asifukuzwe, bali apandishwe cheo na apelekwe milimani, mstari wa mbele, akawatazame Waaustria. Awatazame taratibu, safu kwa safu. Akipata nafasi ya kuyasifu mahandaki yao kwamba ni imara, itakuwa bora zaidi. Naamini vita vitakwisha kabla ya mavuno ya zabibu. Namwombea na nishani, ila asivalishwe na mtu tunayempenda.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, na tarishi, bila kumwambia salamu zimetoka kwa nani. Meneja angekusalimu kama angejua nakuandikia. Mungu apishe mbali.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, nisiyejulikana.

Baada ya kutia sahihi: Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Jana nilishikwa na homa nikabaki nyumbani. Daktari akaingia karakana peke yake. Hakuna aliyegusa chuma. Walimsalimu, wakamkaribisha kahawa ya mizizi, wakamwonyesha vidonda vyao kama watu wanaoonyesha picha za watoto. Sabatino aliposikia siko kazini alikuja mwenyewe, mbio, akatazamwa uso kwa uso akapewa cheti. Leo Nunziata amenipitishia cheti hicho chini ya mlango ili nikigonge muhuri, akinisimulia hayo yote. Nimemuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

Akajibu kutoka upande wa pili, "Tungekwambiaje? Ungetutazama."

Nimekumbuka sasa kwamba hata Daktari, tukitembea, huwa mbele yangu daima, mkono mfukoni, na mfukoni kuna funguo. Muhuri nimeugonga nikiwa nimefumba macho. Umekaa kichwa chini, lakini ni halali.

Kwa hiyo palipoandikwa Daktari, tafadhali soma mimi; isipokuwa namba 6, ambayo naiondoa kabisa, kwani nina kifua kibovu na milimani kuna baridi.

Ukitaka kunijibu, usiniite ofisini kwako. Niko nyuma ya kiwanda cha sabuni, ngazi ya kushoto, orofa ya juu kabisa, mlango wenye pembe nyekundu ya marijani, hirizi ya kuzuia jicho baya, ambayo majirani wameitundika kwa nje. Bisha mara moja, pitisha jibu chini ya mlango, kisha geukia ukutani ushike chuma cha ngazi. Usiogope, hicho kimepoa.