Bi Ngatinah, Masharubu Yake na Kidonge Kimoja

"Hata paka wangu hana masharubu kama hayo, jirani!"

"Paka wako, Sumirah, angekuwa na ulimi wako angekufa njaa. Panya wote wangemsikia akija!"

Tueni ndoo, enyi watu wa vichochoro vya mji wa Solo, zimeni majiko, msikie vita ambavyo risasi yake ilikuwa moja tu, nayo ikamezwa!

Ngatinah binti Karso, Mkaanga-Tempe Asiyetetereka, muuza vipande vya soya iliyochachushwa, alijaaliwa kongosho lenye wazimu wa kisultani: lilimwaga insulini bila kipimo, sukari ya damu ikaporomoka, shujaa akaanguka popote. Miaka sita kidonge kililinda mipaka yake, asubuhi, adhuhuri na jioni, kikidai ushuru mmoja tu: nywele kuota kila mahali. Zikateka mikono, zikavamia paji la uso, zikapiga kambi juu ya mdomo.

Ndipo alipoinuka Sumirah, Jemadari wa Uzio, tabibu aliyehitimu kwenye foleni ya bomba. "Dawa gani inakugeuza mjomba? Sukari ikishuka si ulambe sukari! Tupa huko!" Na Ngatinah, ole wake, aibu ikamshinda, akaiacha siku mbili.

Leo asubuhi akaanguka kifudifudi mbele ya wateja. Na yule tabibu mkuu? Alipiga yowe "Pepo!" akajifungia chooni. Mteja mmoja ndiye aliyemwinua, na alipozinduka akamnywesha chai yenye sukari tele.

Sasa majemadari wakakabiliana uzioni, kichochoro kizima kikitazama.

"Unaimeza tena? Nyusi zitafika shingoni, shoga!"

"Zifike hata sokoni, zikaninunulie vitunguu! Masharubu nikiyanyoa Jumatatu, Alhamisi yameota. Mimi nikizikwa, Sumirah, sioti tena!"

Akasema, akakiinua kidonge kama mkuki wa mababu. Lango la koo likafunguka, maji yakafuata kwa kishindo, kikakwama, ulimwengu ukasita, macho yakamtoka, kisha, gulp! kikashuka. Vibaraza vikalipuka kwa vigelegele. Iandikwe basi, na wajukuu wafundishwe: siku hii mwanamke alimeza dawa yake, na wapumbavu wakashindwa.

Sumirah alibaki uzioni, mikono kiunoni.

"Unangoja nini hapo?" akasema Ngatinah, akifungua mlango. "Ingia ule, wali umeiva. Mdomo wako ukijaa, angalau kichochoro kitapumzika."