Kompyuta ya Muhidini

Jumatatu, 11 Julai 1988
Kompyuta imefika hapa Kahama, ofisini kwetu kiwanda cha pamba. Nilijua ni yangu. Nani mwingine anajua kupiga taipu? Meneja, Mzee Nkwabi, akampa Muhidini, karani wa juzi tu. Eti ana mikono mitulivu. Mwamvua, mpokea simu wetu, amekwenda kuitazama mara kadhaa. Taipureta yangu hajaitazama hata siku moja. Roho inaniuma.

Ijumaa, 15 Julai
Mpango: nichomoe kitu, Jumatatu kompyuta imgomee Muhidini mbele ya watu, mimi niitengeneze, Mwamvua aone. Muhidini akaenda msikitini, akaniachia ofisi. Nikafungua. Nikachomoa kibao kimoja. Kina meno ya dhahabu! Na watu wanajichosha mashimoni kule Bugarama. Nikakwangua kwa wembe. Kipini cha pua cha kumpa Mwamvua kimepatikana.

Jumamosi, 16 Julai
Mageni, mnunuzi wa dhahabu, ameuchoma unga wangu. Akasema ni takataka, akaniuliza kama naumwa. Nikarudi ofisini kuufanyia majaribio utaalamu wangu wa Jumatatu. Nikarudisha kibao, nikawasha. Feni inanguruma, kioo cheusi. Nikakaza waya. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka. Nikapaka meno mafuta ya taipureta. Cheusi. Inalia pii, pii. Skrubu mbili zimebaki, nimezitia mfukoni.

Jumatatu, 18 Julai
Muhidini amewasha. Giza. Nilifurahi mpaka Mzee Nkwabi aliponiambia nijaribu, maana nilikuwa nimejitapa kwamba naijua. Nimehangaika na bisibisi hadi chai ikapoa. Mwamvua akaniamkia, shikamoo fundi, ofisi nzima ikacheka. Muhidini akasema huenda kosa ni lake, mashine bado hajaizoea. Mnafiki mkubwa. Chai ya moto akapelekewa yeye.

Jumatano, 20 Julai
Mzee Nkwabi ameamua Muhidini aende Dar na kompyuta yake, akasomeshwe ufundi. Miezi mitatu, kwa gharama ya kiwanda! Mwamvua amemfungia karanga za njiani. Kompyuta nimeibeba mimi hadi kwenye gari.

Jumatatu, 25 Julai
Muhidini anapiga simu kila asubuhi, eti kuulizia hali ya ofisi. Mwamvua anacheka mpaka anashika mbavu. Nina wivu, nakiri. Leo nimechungulia nyuma ya mtambo wake wa simu. Nyaya ni chache kuliko za kompyuta, na hakuna dhahabu ya kunipoteza akili. Kesho akienda kunywa chai, nachomoa mmoja tu.