Spika Iliyoanua Omena ya Muhuru Bay

Leo nimeaibika mbele ya omena, wale dagaa wa ziwani. Si beseni moja, si debe moja. Ufuo mzima.

Nawaeleza mwenyewe mapema, kwa sababu najua hadithi imeshaanza kutembea kuelekea Migori na itafika ikiwa imetiwa chumvi. Heri muisikie kwangu, ikiwa bado mbichi.

Mnaonijua mnajua nilitoka Rongo nikiwa na miaka kumi na tisa, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha na gitaa la besi mgongoni. Nilimwambia mama naenda Kisumu wiki mbili. (Wiki hizo zilichukua miaka ishirini na nne.) Kisumu ikanipeleka Nakuru. Nakuru ikanipeleka Mombasa kwenye mahoteli. Mombasa iliponichosha nikaenda Kampala, kisha Mwanza, kisha Bukoba. Kila nilikofika nilikuwa yule jamaa wa besi anayeingia na gitaa tu na kuuliza, "Amplifaya mko nayo?" Sikuwahi kumiliki spika. Spika ni kitu cha mtu mwenye mlango wake. Mimi nilikuwa nikichoka na mji, navaa gitaa, naondoka, hata mwenye nyumba simuagi. (Wenye nyumba mnaosoma hapa, nisameheni.)

Mwaka huu nimerudi. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa Bukoba, jirani anakaanga dagaa na nyanya, harufu ikanijia dirishani, nikakumbuka jiko la mama siku ya Jumapili, redio ya baba juu ya kabati, na ile besi iliyokuwa ikitetemesha vikombe mpaka mama anasema, "Punguza, vitaanguka!" Kesho yake nilikuwa njiani kurudi.

Sasa, Dani. Dani nilisoma naye, na ana bendi Homa Bay inayopiga kwenye maharusi. Alinipokea vizuri, ila hakunificha kitu.

"Omera, ndugu yangu, kupiga unajua. Lakini Jumamosi ijayo tuna harusi uwanjani, hakuna ukuta hata mmoja. Uje mazoezini Ijumaa asubuhi na amplifaya yako na spika yako. Ukikosa, yule mtu wetu wa kinanda atapiga besi na mkono wa kushoto."

Mkono wa kushoto! Nizunguke Afrika Mashariki yote, halafu nishindwe na mkono wa kushoto wa mtu!

Nikatafuta wiki nzima. Rongo nilionyeshwa sabufa ya sebuleni iliyofichwa ndani ya sanduku kubwa lililopakwa rangi nyeusi. Rangi yenyewe ilikuwa bado inanata. Migori mjini nikapata amplifaya ya gitaa la kawaida. Dukani ilinguruma kama simba, kwa sababu duka ni dogo na kuta ziko karibu. Nikaomba tuitoe nje, kando ya barabara. Nje ikawa mbu. Mbu mgonjwa.

"Ukiisogelea utaisikia," muuzaji akanitia moyo.

"Na bibi harusi naye aje akae juu yake?"

Hapo niwafunze kitu kimoja kabla sijaendelea. Sauti ya besi ikiwa nje hutawanyika, ndiyo maana unahitaji spika kubwa zenye nguvu. Tena ile noti nene kabisa haisikiki vizuri ukisimama karibu na spika. Inataka nafasi ya kujikunjua. Wewe mpigaji unaipata kidogo tu. Aliye mbali ndiye anayeipata yote. Kila mpiga besi analijua jambo hili. Mimi pia nalijua. (Leo asubuhi nililisahau.)

Jana mtu akaniambia kuna mwalimu mstaafu Muhuru Bay aliyewahi kuwa na bendi, vidole vimekakamaa, anauza vyombo vyake. Nikampigia simu, bei tukaelewana. Leo Alhamisi alfajiri nikatoka Rongo, nikapita Migori, kufikia saa nne niko kwake. Nilikuwa nimevaa suruali nyeupe na viatu vyeupe, kwa sababu nilipanga kwenda moja kwa moja Homa Bay nikaonekane mtu wa maana. Nani huenda kwa wavuvi na suruali nyeupe? Mtu aliyeharibiwa na mahoteli.

Nyumba ya Mwalimu iko juu kidogo, na ua wake unatazama ziwa. Chini ufuoni akina mama walikuwa wameanika omena juu ya nyavu kuukuu, eneo kubwa, linameta kama mtu amemwaga sindano. Jua lilikuwa kali. Upande wa Tanzania kulikuwa na wingu moja tu jeusi, dogo, limekaa mbali.

Nikaiona spika. Jamani! Sanduku linanifika kiunoni, ndani spika nne za inchi kumi, na amplifaya nzito imeketi juu yake kama kofia ya chifu. Nikakagua nyuma: ohmu nane, na amplifaya inazikubali. Nikagonga koni, zile karatasi za usoni mwa spika, kwa kidole, zote nzima, hakuna pa kushonwa.

"Ndani itakudanganya," Mwalimu akasema. "Tuitoe uani."

Nikajua nimepata mtu anayeelewa mambo. Tukaisukuma hadi uani, uso wake ukatazama ziwani. (Sikuuliza kwa nini ziwani. Kulikuwa na mandhari nzuri.) Tukavuta waya kutoka sebuleni. Nikapiga noti moja.

"Sisikii kitu," Mwalimu akasema.

Sikujua bado kwamba masikio ya Mwalimu yalibaki kwenye madansi ya ujana wake. Mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama karibu, niliona kweli iko chini. Nikaongeza.

"Bado. Ongeza!"

Nikaongeza. Kisha nikafanya mbwembwe yangu ya zamani ya Mombasa: nikavuta kidole kwenye ule uzi mnene kabisa, kutoka juu hadi mwisho, polepole. Nguuuuuu-du-du-duuum.

Chini ufuoni nikasikia sauti za akina mama. Zimepanda, nyingi, kwa pamoja. Nikasema, ahaa! Vigelegele! Miaka yote hii nje, na nyumbani wananishangilia mara ya kwanza tu nikipiga! Macho yakanilowa. (Ndiyo, yalilowa. Endeleeni kusoma.) Nikafumba macho nikawarudishia nyingine ndefu zaidi. Kelele zikazidi. Nikawapa ya tatu.

Nilipofumbua macho, lango lilikuwa wazi na mama mmoja mnene mwenye beseni kwapani alikuwa amesimama hapo, anahema. Huyo ndiye Min Apiyo, yaani mama Apiyo, mwenyekiti wa akina mama wanaoanika.

"Mwalimu," akasema, bila salamu. "Mvua iko wapi?"

"Mvua gani?"

"Ile imenguruma mara tatu." Akaniangalia kuanzia viatu. "Na huyu wa suruali nyeupe ni nani?"

"Ni Ja-Rongo, mtu wa Rongo. Anajaribu spika."

Min Apiyo akaangalia sanduku. Akaangalia mbingu. Akaangalia kidole changu.

"Ja-Rongo, hebu rudia ile. Kidogo tu."

Nikarudia. Nguuuuu. Kutoka chini tukasikia wazi kabisa: "Uwi! Imekaribia! Vuta turubai, vuta!" na miguu ikikimbia.

"Yawa," Min Apiyo akasema polepole. "Kumbe siku hizi Mungu ametoka Rongo."

Nikatazama chini. Zile sindano zote zilizokuwa zinameta hazikuwepo tena. Nyavu zimekunjwa, omena imerundikwa, maturubai yamefungwa juu yake. Wameianua yote, jua likiwaka kichwani, kwa sababu yangu. Nikaanza kusema pole.

"Pole haianiki," akanikata. "Hiyo omena ni mbichi. Ikikaa imerundikwa na joto hili inaharibika, tutawauzia wenye kuku. Ni chakula ya watoto na fees hapo, Ja-Rongo. Hii sanduku haitoki hapa mpaka omena yote irudi juani. Vua viatu."

Nikavua. Gari la kunipeleka Homa Bay lilikuwa linakuja saa tisa, na Dani hakuwa mtu wa kusubiri. Nikashuka ufuoni peku, na wale mashabiki wangu wakanipokea.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye!"

"Ni mwembamba hivi na ananguruma vile?"

Mnadhani kuanika omena ni kumwaga? Mimi nilidhani. Nilimwaga beseni langu la kwanza, mama mmoja akaja kuinama juu yake. "Shemeji, unaanika au unazika?" Inatakiwa unyunyize, mkono mlegevu, kila samaki apate jua lake. Nikapiga magoti nikaanza kutenganisha mmojammoja. Suruali nyeupe ikawa ya kijivu, kisha ikawa na magamba. Kila nilipopumzika mtu aliniita, "Ja-Rongo, nguruma kidogo tukusikie!" na ufuo mzima ukaangua kicheko. Hata wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliacha kazi waje kutazama.

Lakini niseme ukweli: saa sita walinipa chai na chapati, nami nikala nikiwa nimekaa katikati yao. Min Apiyo akaniuliza mama yangu ni nani. Nikamwambia. Akauliza kama bado yuko. Nikamwambia alifariki nikiwa Mwanza, na nilifika maziko yakiwa yamekwisha. Hakuna aliyecheka. Akaninyang'anya kikombe, akakijaza tena.

Saa nane na nusu omena ilikuwa imerudi yote juani. Nikapanda kwa Mwalimu, nikamlipa, tukasukuma spika hadi langoni isubiri gari. Gitaa nikalitia kwenye begi. Nikawa nafuta magamba magotini.

Nguuuuuum.

Nikaangalia amplifaya. Waya haukuwepo. Nikaangalia Tanzania. Lile wingu dogo halikuwa dogo tena, wala halikuwa Tanzania.

Nikaangalia ufuoni. Hakuna mama hata mmoja aliyejisogeza! Mmoja akainua mkono bila kugeuka, akapaza sauti: "Tumekusikia, Ja-Rongo! Sasa inatosha!"

Ndugu zangu, niliteremka ule mteremko kama mwizi.

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Mama, anueni! Si mimi!"

"Haya, si wewe," wakacheka.

"Haki ya Mungu! Gitaa liko kwenye begi! Hii ni ya kweli!"

"Asubuhi pia ilikuwa ya kweli!"

Nikasimama mbele ya Min Apiyo, peku, nanuka samaki, nimeinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Iangalie mikono yangu! Angalia!" Na hapo hapo, mikono ikiwa juu, mbingu ikanguruma tena, ngurumo ndefu kuliko zangu zote.

Min Apiyo akaiangalia mikono mitupu. Akageuka ziwani. Beseni likamponyoka.

"Yawa! Hii ni ya Mungu mwenyewe! Anueni!"

Sijawahi kufanya kazi vile. Nilikunja nyavu, nilibeba mabeseni, nilivuta maturubai, mvua ikitujia juu ya maji kama ukuta. Matone ya kwanza yaliponipiga, omena ilikuwa imefunikwa yote. Yote! Nikacheka kwa sauti. Kisha nikakumbuka koni zangu za karatasi. Spika iko langoni. Nje. Uso juu.

Nikapanda mteremko kwa mikono na magoti. Langoni hapakuwa na kitu. Mwalimu alikuwa amesimama barazani kwake.

"Mwalimu! Spika!"

"Nini?"

"SPIKA!"

"Kwani mbona unapiga kelele? Akina mama wamepeleka ghalani kwao."

Nikakimbilia ghala la akina mama, hapo jirani. Katikati ya magunia ya omena spika yangu ilikuwa imesimama, kavu, imefunikwa leso mbili, na amplifaya imelazwa pembeni juu ya gunia kama mgonjwa. Wanawake wanne waliotangulia kupeleka magunia ya omena kavu ghalani walipitia langoni wakaiona, wakaichukua. Nilisimama mlangoni nikichuruzika.

"Wewe uliacha yako nje ukakimbilia yetu," Min Apiyo akasema. "Ulitaka tuiangalie tu ikinyeshewa? Ingia, Ja-Rongo, unaleta maji."

Sasa naandika nikiwa garini, kwenye Probox, tumeshapita Migori, mvua imekwisha. Wakati wa kupakia nilijaribu kuinua lile sanduku peke yangu. Halikutingishika. Ilibidi wale wanne warudi. Na hapo ndipo nikaelewa nilichonunua. Miaka ishirini na nne kila nilichokuwa nacho nilikivaa mgongoni nikaondoka. Hiki hakivaliki. Kinataka mlango, na watu wanne wa kukuita kwa jina la kwenu. Kwa hiyo andikeni popote mnapoandika: leo ndiyo siku niliyoacha barabara kabisa. Asanteni sana, akina mama wa Muhuru.

Ombi moja tu. Jumamosi mkija harusini mkawaona paka wa Homa Bay wote wamejipanga mbele ya jukwaa, tafadhalini, msicheke. Hawajafuata muziki.