Ita Mara Tatu, Kisha Funga Domo

Jumapili, 14 Aprili

Baba mkwe katangaza vita! Tumemaliza kuku na viazi vya kuponda, akapangusa mdomo, akasema magoti yake hayapandi tena kilima na hana nia ya kuzikwa na sanduku lake la mwito, lile la kuitia bata mzinga. Mkwe atakayekuwa wa kwanza kuleta dume la bata mzinga mwitu kutoka shambani kwake, kabla ya chakula cha Jumapili ijayo, atalichukua.

Sanduku lenyewe linaenea kiganjani. Mzee Orval, baba mkwe huyo, alilichonga kwa nguzo ya ua, mwerezi mtupu, majira ya baridi aliyozaliwa mke wangu Lavonne. Ukisugua kifuniko juu ya ubavu wake, linalia kama jike anayetafuta mume.

Wakwe tuko wawili. Royce, mwanyumba wangu, ana mikia kumi na mmoja ya bata mzinga ukutani mwa gereji yake, imetandazwa kama upepeo. Mimi nina duka la rangi. Sijawahi kuwinda hata panya. Miaka ishirini na minne nakula mezani pa mzee huyu, na bado naitwa "yule wa rangi". Mpeni yule wa rangi mkate. Yule wa rangi kaegesha gari vibaya.

Nalitaka sanduku. La, nataka aniite Wendell. Sanduku ni ushahidi tu.

Royce alinicheka hadi chai ikamtoka puani. Hajui kwamba mafunzo ya bunduki niliyamaliza Februari, kimyakimya. Bunduki ya marisau ninayo, ya Lavonne, tangu usichana wake. Nguo za madoadoa ninazo. Sanduku langu la dukani pia ninalo, ila linakwaruza. Nimelipaka vanishi, ile bora ya sakafu. Sasa linang'aa kama piano.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kilimani, mgongo kwenye mwaloni, kupe watatu shingoni. Nikalia kama bundi, maana dume aliyelala mtini akisikia bundi hukasirika na kujibu. Akajibu! Gobogobogobo! Nywele zilinisimama, zile zilizobaki.

Nikashika sanduku langu. Kimya. Nikasugua tena. Halitoi hata mkwaruzo. Vanishi imelikaba koo.

Sikubabaika. Nilikuwa na kile kipande cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa, umbo la kwato. Nikaita kwa mdomo. Akajibu. Nikaita. Akajibu. Nikaita mara arobaini na kitu. Mazungumzo gani hayo! Kisha akaruka kutoka mtini, akaenda zake upande wa pili.

Mzee Orval alikuwa barazani na kikombe chake. Kwanza alilitazama sanduku langu, akaliinua juani, akauliza kama ni la kuwindia au la kuhifadhia pete. Sanduku la mwito, akasema, hulia kwa mkwaruzo. Hupakwa chaki na si kitu kingine. Mafuta, nta, vanishi, vyote ni kulizika. Kisha akanieleza habari ya dume. Kwa bata mzinga, jike ndiye humfuata dume. Dume akikusikia unapayuka, anakaa akingoja umfuate. Ukinyamaza ndipo anapoingia wasiwasi, anakuja kutazama umepatwa na nini. "Ita mara tatu," akasema, "kisha funga domo."

Nimeandika hapa. Lakini mzee ni mtu wa maneno machache. Huo ni ushauri wa watu wa maneno machache.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimempata jike mwenye sauti ya asali. Alikuwa bondeni, nyuma ya mierezi. Nikapanga: penye jike, dume hayuko mbali. Nimfanye rafiki, anilete kwa mumewe. Nikaita, akaitika. Nikabembeleza, akabembeleza. Saa mbili nzima! Mguu ukafa ganzi. Nilimsifu, nilimwuliza habari za nyumbani, nadhani hata nilimposa.

Saa tano nikasimama kunyoosha mgongo. Nyuma ya mierezi akasimama Royce.

Royce akasema sauti yangu ni ya jike mwenye mafua. Nikamkumbusha kwamba jike mwenye mafua kamkalisha kwenye tope saa mbili. Tukaapa, mkono juu ya mkono, kwamba jambo hili litakufa pale pale.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Lavonne. Akacheka hadi akakaa sakafuni na taulo la vyombo. Akasema katika ndoa yetu yote sijawahi kuzungumza naye saa mbili mfululizo, na angejua siri ni kukaa nyuma ya mwerezi angekaa zamani.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimekaa dukani nikitunga hila. Kilima kimoja hakitoshi wawindaji wawili. Nikampigia Royce simu, sauti ya huruma, nikamwambia kwamba kwa kuwa sisi ni ndugu, nisingependa kumficha: nimesikia madume wawili wakubwa chini kule kijitoni. Uongo mtupu! Kule hakuna kitu ila vyura na tairi la trekta. Akashukuru. Akasema hakujua nina moyo wa namna hii.

Nilijisikia vibaya kama dakika nne.

Alhamisi, 18 Aprili

Kijitoni kuna madume wawili wakubwa.

Royce kaja dukani kunishukuru mbele ya wateja. Kawaona kwa macho yake, ndevu za kifuani zinaburura chini. Walikuwa mbali kwa bunduki, na kesho ana zamu kiwandani, ila Jumamosi anajua atakapokaa. Kanipiga bega. Kaninunulia na pai.

Kilimani kwangu: nimeita asubuhi nzima. Sikupata ila uyoga, ambao Lavonne ameukaanga kwa siagi na kuusifu kuliko alivyowahi kunisifu mimi.

Ijumaa, 19 Aprili

Siwezi kuandika. Ngoja niandike.

Dume alikuja. Mwenyewe! Kichwa chekundu, cheupe na buluu kama bendera zetu siku ya uhuru, kifua cheusi kinachong'aa shaba. Hatua kumi na tano. Mtu yeyote angefyatua. Mimi nikaona ni adabu kumkaribisha zaidi. Nikaita. Kwa mdomo. Usoni pake.

Akaruka kama kuku aliyesikia jina la mchuzi. Risasi yangu ikaingia mwaloni.

Mlio ulifika barazani. Desturi ya huku inajulikana: ukikosa, unakatwa mkia wa shati, lile pindo la nyuma. Mzee Orval alikwisha shika mkasi nilipotokea getini. Mkasi wa Lavonne wa vitambaa, na shati ni lile alilonipa Lavonne ndoa yetu ilipotimiza miaka ishirini. Mzee akakata taratibu, akaomba nigeuke kidogo, akapigilia kipande ukutani kati ya vipande vingine, vya Royce viwili na chake mwenyewe cha zamani kilichopauka. Akauliza nimeita mara ngapi. Nikasema chache. Akauliza tena. Nikasema ishirini na nane.

Royce kapiga simu toka kiwandani. Kasema debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba huko nyuma panaingia baridi, nijifunike.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Keshokutwa ni Jumapili.

Jumamosi, 20 Aprili

USHINDI!

Niandike kwa mpangilio. Saa kumi na moja na nusu, mwaloni ule ule, tundu la risasi juu ya kichwa changu. Nikalia kama bundi. Akajibu, karibu! Nikavuta pumzi ya furaha, nikaanza kuita. Mwito wa kwanza, mzuri. Wa pili, mzuri sana. Wa tatu, nikavuta pumzi kwa nguvu mno na kile kipande cha mpira kikashuka.

Kikashuka chote. Nimekimeza.

Nilikohoa mara moja, dume akajibu kikohozi. Baada ya hapo sikuwa na sauti. Koo limefunga, machozi yananitiririka, cha kuitia kwa mkono sina, maana sanduku langu ni bubu. Nikakaa. Nikasali. Nikawaza wosia, nani apewe duka. Saa nzima sikutoa hata mguno. Dume aliita, akangoja. Akaita, akangoja zaidi. Kisha akanyamaza, na mimi nikaona mambo yamekwisha.

Jani kavu likavunjika. Huyo! Anapanda mteremko hatua kwa hatua, shingo imenyooka, kama mwanamume anayerudi kuuliza kwa nini hapigiwi simu. Akatandaza mkia. Jua likapita katikati ya manyoya. Hatua thelathini. Nikafyatua.

Ratili ishirini na moja! Ndevu inchi tisa! Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Nikambandika kibali cha uwindaji mguuni, nikamfunga kitambaa cha rangi ya chungwa ili mwindaji mwingine asimfyatulie begani kwangu, nikamteremsha. Kutoka pale hadi kwa mzee ni dakika tano kwa gari. Nilitumia ishirini na tano, kwa kuwa nilipita mbele ya duka la vyakula vya mifugo mara tatu, pole pole, nyuma ya gari iko wazi.

Saa mbili na robo nilikuwa barazani. Saa tatu kasoro kumi Royce akafika na dume kutoka kijitoni. Ratili ishirini na nne. Mkubwa kuliko wangu! Dakika thelathini na tano kachelewa! Kofia akaitupa chini, akaiokota, akanipa mkono. Mtu mwema, Royce. Nilimpa kijito changu cha uongo, naye akanipa mkono wa kweli.

Lavonne kampigia nesi kuhusu mpira, baba yake na Royce wakisikia yote. Nesi kasema tusubiri.

Jumapili, 21 Aprili

Sanduku ni langu. Mzee alisimama mezani, akalifungua kitambaa, akaliliza mara tatu. Hata Royce aliinamisha kichwa. Mzee akasema kule kilimani ameona wawindaji wengi, lakini aliyejua kunyamaza saa nzima hajamwona tangu baba yake. Akanitazama. "Mpeni Wendell paja," akasema.

Wendell! Ilibidi nitoke nje kidogo nikaangalie hali ya hewa.

Niliporudi, sauti ilikuwa imenirudia, nikawaeleza wote siri ya ushindi wangu: ufasaha. Dume yule nilimlainisha wiki nzima kwa maneno. Jumamosi alikuja kumaliza mazungumzo tu. Nimekubali mwenyewe kutoa mafunzo kwa wanaoanza, na nimeagiza vipande vya mpira kumi na viwili.

Royce aliuliza kama ninavila kwa chumvi.

Jambo moja tu linanisumbua. Sanduku la mzee limechakaa. Mwerezi umepauka, chaki kila mahali, halina haiba ya kushikwa mbele ya wanafunzi. Mkono mmoja wa vanishi, mwembamba, utalirudishia ujana. Lavonne amelifungia kwenye kabati lake la cherehani, akaondoka na ufunguo bila kusema sababu. Hajui kwamba bawaba za kabati hilo zimeshikwa na parafujo mbili tu, na dukani ninayo bisibisi.